Sheikh Suleiman Takadir: Makarios wa Dar es Salaam na swali lililomtoa TANU

Wadau, kuna majina ambayo ukiyataja mbele ya wazee wa Kariakoo, Magomeni au huku kwetu Temeke, mazungumzo yanabadilika ghafla. Mmoja atakohoa, mwingine ataangalia pembeni, wa tatu atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Sheikh Suleiman Takadir ni mmoja wa watu hao. Amekufa siku nyingi, wajukuu wa waliomjua ni watu wazima, lakini jina lake bado lina uzito wa aina yake. Leo nataka tumzungumze, na katika kumzungumza itabidi tukigusie na kile chama kidogo cha Waislamu wa Tanganyika kilichoitwa AMNUT, kwa sababu watu wengi huvichukua vitu hivi viwili wakavitia kwenye kapu moja. Ukisema Takadir wanasikia AMNUT. Ukisema AMNUT wanasikia vibaraka wa Mwingereza. Basi, hadithi imekwisha, tuendelee na kahawa! Mimi nasema haijaisha.

Kwanza tuukumbuke mji wenyewe. Dar es Salaam ya sensa ya mwaka 1957 ilikuwa na watu wapatao 129,000 tu. Idadi hiyo leo unaweza kuipata ukizunguka kata chache za Mbagala. Waafrika walikuwa wamejazana Kariakoo, Gerezani na Ilala, na serikali ilikuwa ndiyo kwanza inafungua maeneo mapya ya Magomeni na Temeke ili kupunguza msongamano. Kinondoni na Mwananyamala ilikuwa minazi, mikorosho na mashamba ya wenyewe. Mtoni ulikuwa unatoka mji kabisa. Wakazi wake walikuwa Wazaramo na Washomvi wenye ardhi yao, Wamanyema, Wanyamwezi, Wanubi, Wazulu waliokuja na Mjerumani, na wengine wengi. Kilichowaunganisha, ukiacha lugha ya Kiswahili, ni Uislamu. Sehemu kubwa kabisa ya Waafrika wa mji huu walikuwa Waislamu, na maisha ya mtaani yalikwenda kwa mpango huo: maulidi, madrasa, Ramadhani, mazishi, vyama vya ngoma, vibaraza.

Sasa TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilizaliwa ndani ya mji huo. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa waraka mwaka 1953 kuwakataza watumishi wake kujiingiza kwenye siasa. Sasa niambie, Mwafrika aliyesoma miaka ile alikuwa ameajiriwa wapi? Serikalini! Karani, mwalimu, daktari msaidizi, wote walifungwa mdomo. Nyerere mwenyewe ilibidi aache ualimu pale Pugu mwaka 1955 ndipo akafanya kazi ya chama sawasawa. Kwa hiyo mzigo wa kukibeba chama ukawaangukia wasio na ajira ya kupoteza: wafanyabiashara wa sokoni, madereva, mafundi cherehani, wakulima wa pembezoni ya mji, kina mama wa vyama vya lelemama, na wazee. Hao wazee ndio waliounda Baraza la Wazee wa TANU, na mwenyekiti wao alikuwa Sheikh Suleiman Takadir.

Usilichukulie Baraza hili kama pambo. Nyerere wa 1954 alikuwa kijana wa miaka 32, mgeni mjini, Mkatoliki kutoka Butiama, mwenye shahada ya Edinburgh na Kiswahili cha bara. Mtu wa Kariakoo angemsikiliza kwa nini? Alimsikiliza kwa sababu wazee wake walimwambia amsikilize. Kwenye mikutano ya Mnazi Mmoja Takadir alikuwa anatangulia. Alisimama na kanzu yake, akaomba dua, akazungumza na watu kwa lugha wanayoielewa, kisha ndipo akamkaribisha Nyerere. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kumtia mkononi mwa watu kijana wasiyemjua. Kwa Kiswahili cha mtaani tungesema alimdhamini. Na dhamana ya sheikh katika mji ule haikuwa kitu kidogo, bwana. Mtu aliyeambiwa na sheikh wake kwamba huyu kijana ni wetu alitoa senti yake ya kadi bila kuuliza mara mbili.

Watu wakampachika jina la Makarios. Jina lenyewe ni kichekesho ukilitazama kwa makini. Makarios wa kweli alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi kule Kupro, aliyekuwa anamsumbua Mwingereza mpaka mwaka 1956 akamchukua na kumfungia visiwa vya Shelisheli, karibu na sisi hapa. Habari zake zilisomwa magazetini na kusikika redioni, na watu wa Dar wakaona kumbe naye ni mtu wa dini aliyevua woga mbele ya mkoloni. Wakamchukua sheikh wao wa Kiislamu wakampa jina la askofu! Hakuna aliyeona ajabu, wala hakuna aliyeuliza mbona jina la Kikristo. Ukitaka kujua hali ya mji ilikuwaje miaka ile kuhusu dini na siasa, jina hilo tu linakutosha.

Na hakuwa peke yake. Huku Temeke sote tunapita Mtoni kwa Aziz Ali, kondakta anaita kituo, abiria anashuka, na wachache wanajiuliza Aziz Ali ni nani. Ni baba yake Dossa Aziz, mmoja wa walioasisi TANU, ambaye gari lake lilimbeba Nyerere kwenye safari za chama wakati chama hakina hata baiskeli. Ukienda Kinondoni kuna Barabara ya Mwinjuma. Huyo ni Mwinjuma Mwinyikambi, mwenyeji wa Mwananyamala, naye alikuwa mmoja wa wazee wa Baraza. Mshume Kiyate alikuwa mfanyabiashara wa samaki soko la Kariakoo, na jikoni kwa Nyerere hakukukosekana kitoweo kwa sababu yake. Iddi Faiz Mafongo alizunguka kukusanya fedha za safari ya Nyerere ya mwaka 1955 kwenda Umoja wa Mataifa, New York. Na Nyerere mwenyewe alikuja kuhamia Magomeni, nyumba ambayo leo ni makumbusho. Hawa ndio watu Takadir aliokaa nao baraza moja. Nawataja kwa sababu baadaye kidogo tutaona walimfanyia nini mwenyekiti wao, na isije mtu akadhani walikuwa watu wabaya.

Haya, sasa twende kwenye jambo lenyewe.

Waislamu wa Tanganyika walikuwa na kidonda kimoja cha zamani, elimu. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza ilikuwa inatoa ruzuku kwa shule za misheni, na shule nyingi zilikuwa za misheni. Mzazi Mwislamu alikuwa na mawili ya kuchagua: ampeleke mtoto huko na hofu ya kurudishiwa mtoto mwenye jina jipya, au ambakishe madrasa asome Qurani na asijue hata kuandika barua ya kuomba kazi. Shule za serikali zilikuwepo, lakini hazikutosha. Chama cha Al Jamiatul Islamiyya kilianzishwa Dar mwaka 1933 kujaribu kuziba pengo hilo na kikafungua shule yake, ila huwezi kuzima moto wa nyika kwa kikombe. Matokeo yake ni kwamba ilipofika miaka ya 1950 watu waliokuwa wanajaza viwanja vya TANU pwani na mijini walikuwa Waislamu kwa wingi, na watu waliokuwa na vyeti walikuwa Wakristo kwa wingi. Hakuna aliyeipanga hali hiyo ndani ya TANU. Waliikuta. Lakini ilikuwa inakaa pale kama nyoka ndani ya paa la makuti, kila mtu anajua yupo.

Kilichomtoa nyoka huyo ni uchaguzi wa kura tatu. Mwingereza alikuja na mpango kwamba kila mpiga kura lazima achague watu watatu: Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Na kupiga kura kwenyewe si kila mtu. Ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe umefika darasa la nane, au uwe na wadhifa unaotambuliwa. Nchi nzima walioandikishwa hawakufika 60,000! Mkutano mkuu wa TANU ulikaa Tabora Januari 1958 kulijadili jambo hilo, ukawa moto. Wengi walitaka chama kisuse. Nyerere akawageuza, TANU ikakubali kuingia. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka akaunda chama chake cha ANC.

Kihistoria uamuzi wa Tabora ulikuwa sahihi, mimi sina ubishi, ulituletea uhuru mapema. Lakini ebu kaa kwenye kiti cha Takadir uone unavyoonekana kutoka pale. Masharti yale yaliwafungia nje watu wake wenyewe. Yule mama muuza vitumbua wa Gerezani aliyeuza bangili zake kuchangia chama, hana kura. Yule mzee wa Mwananyamala mwenye minazi mia, hana kura. Na anayetaka kugombea lazima ajue Kiingereza, maana Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa linaendeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hata Takadir mwenyewe, mwenyekiti wa wazee, mtu wa kufungua mikutano ya maelfu, asingeweza kukaa kwenye kiti kimoja cha Baraza hilo. Wangekaa wenye vyeti. Na wenye vyeti tumeshasema ni kina nani.

Basi mwaka huo huo wa 1958 Sheikh Takadir akalisema. Alilisema ndani, mbele ya wazee wenzake na mbele ya Nyerere, kwenye nyumba ya chama. Kwamba kwa jinsi mambo yanavyokwenda, uhuru ukija watakaoshika madaraka ni Wakristo, na kwamba Nyerere atawapendelea wenzake wa dini yake. Waislamu waliobeba chama watabaki kama walivyo. Alitaka hilo lizungumzwe kabla, si baada.

Naomba tutulie hapa kidogo. Kuna mambo mawili ndani ya maneno hayo, na mimi nadhani kosa kubwa la waliomsikia na la waliomwandika baadaye ni kuyachanganya. La kwanza ni hofu juu ya Nyerere kama mtu, kwamba atapendelea. Hilo lilikuwa tuhuma nzito kwa mtu aliyekuwa amewaachia watu wa Dar maisha yake, na naelewa kwa nini liliwauma waliokuwepo. La pili ni swali la hesabu: kama madaraka yatagawiwa kwa vyeti, na vyeti viligawiwa na misheni, Waislamu watapata wapi? Hilo la pili halikuwa tuhuma kwa mtu yeyote. Hata Nyerere angekuwa malaika lingebaki palepale. Lakini Takadir aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, na la kwanza likalimeza la pili.

Walilisikia kama uhaini. Takadir akavuliwa uenyekiti na kufukuzwa TANU. Kiti chake akapewa Iddi Tulio. Na angalia vizuri, hakufukuzwa na Wakristo. Waliomtoa ni Waislamu wenzake, wazee aliokuwa akiswali nao.

Adhabu ya kutolewa chamani ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa mtaani. Takadir akasuswa. Wadau mlioko ughaibuni au mliozaliwa kwenye nyumba zenye mageti labda neno hili hamlipati vizuri. Kususwa uswahilini si kukosa marafiki. Uswahilini mtu haishi kwa mshahara, anaishi kwa watu. Ukifiwa ni watu ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaoleta mchele na sanda. Ukioza binti ni watu. Ukiumwa ni watu. Hata kahawa ya jioni ladha yake iko kwenye maneno ya kibarazani, haiko kwenye kikombe. Sasa mtu akisuswa, ukifika kibarazani watu wanakumbuka kila mmoja ana pa kwenda. Biashara yako haiendi. Watoto wako shuleni wanaitwa majina. Na kwa sheikh ni zaidi, kwa sababu sheikh ni watu wake. Sheikh asiye na watu ni mzee mwenye vitabu tu. Dini yenyewe inafundisha kwamba Mwislamu asimsuse nduguye kupita siku tatu. Siku tatu zilipita, na miezi ikapita. Siasa ilikuwa imeshashinda mafundisho hapo, na walioishindisha ni watu wa swala tano.

Takadir alifariki akiwa nje ya chama alichokisimamisha.

Ni lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili pia. Waliomfukuza walikuwa na sababu. Gavana Twining alikuwa amekipa mgongo chama cha UTP tangu 1956 ili kuiua TANU. Mwaka 1957 Nyerere alikuwa amekatazwa kuhutubia hadharani. Katikati ya mwaka 1958 alikuwa mahakamani kwa kesi ya kashfa kutokana na alichokiandika kwenye gazeti la chama, na Agosti akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Mtemvu ameshatoka. Uchaguzi unaanza Septemba. Katika hali kama hiyo mwenyekiti wa wazee anasimama na kusema kiongozi wetu atatugawa kwa dini! Mtu yeyote mwenye akili timamu angeona ufa, na angejua nani anausubiri. Kule India mwaka 1947 nchi ilikatwa vipande kwa dini na damu ikamwagika, na watu wa Dar walikuwa wanaishi na Wahindi mtaa mmoja, habari hizo walizijua. Kwa hiyo hofu yao ilikuwa ya kweli. Ila dawa waliyoitumia ilikuwa ya kukata kichwa ili kuponya jino.

Ndipo tufike kwa AMNUT. Kirefu chake ni Umoja wa Kitaifa wa Waislamu Wote wa Tanganyika, na ulitokea kwenye miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1950. Jina linalotajwa sana kwenye habari za chama hiki ni la Ramadhani Mashado Plantan, na huyu naye si mtu wa kupita. Baba yake, Affande Plantan, alikuwa miongoni mwa askari wa Kizulu waliochukuliwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kuja kupigana na Abushiri. Ndiye aliyemlea Kleist Sykes, aliyekuja kuwa katibu wa African Association mwaka 1929 na baba wa kina Abdulwahid na Ally Sykes. Kaka yake, Thomas Plantan, alikuwa rais wa TAA kabla ya vijana kuichukua mwaka 1950. Mashado mwenyewe alikuwa mwenye gazeti na mhariri, gazeti la Zuhra, la Kiswahili, ambalo liliitetea TANU wakati TANU haina gazeti lake. Yaani watu wa AMNUT hawakushuka kutoka mwezini. Walitoka chumba cha ndani kabisa cha harakati.

Mwaka 1959 AMNUT ikatoa rai yake: uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha washike nafasi zao serikalini. Mnaona kilichotokea hapo? Swali la Takadir, lile la pili, la hesabu, likachukuliwa kutoka ndani ya nyumba likatolewa barabarani, na likafungwa pamoja na dai ambalo hakuna Mwafrika wa 1959 angeweza kulisikiliza. Kuchelewesha uhuru! Ghana imeshapata tangu 1957, Kongo inachemka, na wewe unamwambia mtu wa Temeke asubiri.

Mimi msimamo wangu juu ya AMNUT hauna kona. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli na dawa yao ilikuwa ya hovyo. Serikali iliyozinyima shule sehemu za Waislamu kwa miaka 40 ndiyo unayoiomba ikae zaidi ili ilete shule? Hiyo ni sawa na kumwomba aliyekuunguzia wali akupikie tena daku. Na kisiasa walijimaliza wenyewe, kwa sababu walimpa kila mpinzani wa hoja yao silaha ya bure. Kuanzia hapo, mtu akiuliza habari ya elimu ya Waislamu, jibu lilikuwa tayari: huyu ni AMNUT, huyu hataki uhuru.

Waislamu wenyewe ndio waliokizika chama hiki. Masheikh na viongozi wa Kiislamu waliokuwa TANU walikipinga waziwazi, akiwemo mwanachuoni mkubwa kuliko wote mjini wakati ule, Sheikh Hassan bin Amir. Akina Bibi Titi Mohamed walikuwa wanajaza viwanja upande wa pili. Agosti 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Uhuru ukaja Desemba 9, 1961. Novemba 1962 kwenye uchaguzi wa urais wa Jamhuri aliyethubutu kusimama ni Mtemvu peke yake, akapata kura 21,276 dhidi ya zaidi ya milioni moja na laki moja za Nyerere. AMNUT haikuwa na hata hizo za kujivunia. Januari 1963 TANU ikatangaza nia ya nchi kuwa ya chama kimoja, na katiba ya 1965 ikamaliza kazi. Chama cha Waislamu kikafa kifo cha vyama vyote vidogo, bila matanga.

Lakini swali halikufa na chama. Mwaka 1968 jumuiya ya EAMWS, iliyokuwa ikijenga shule na misikiti tangu 1945, ilipigwa marufuku na BAKWATA ikaanzishwa. Mwaka huo huo Sheikh Hassan bin Amir, yule yule aliyeipinga AMNUT, aliyesimama na TANU, akarudishwa kwao Zanzibar kwa nguvu. Kwa upande mwingine, haki tuseme, Nyerere kwa sheria ya elimu ya 1969 alizichukua shule za misheni zikawa za serikali na milango ikafunguliwa kwa watoto wote. Hilo lilikuwa jibu, tena jibu kubwa, kwa lile swali la hesabu. Mtoto wa Kiislamu wa Temeke akaweza kusoma Pugu ileile bila kuulizwa dini. Najiuliza tu lingekuwaje kama jibu hilo lingeahidiwa mwaka 1958, mbele ya wazee, kwa mtu aliyeuliza.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 sheria ilikataza chama chochote kujengwa juu ya dini, kwa hiyo AMNUT ya pili haiwezi kuandikishwa. Sawa, mimi naiunga mkono sheria hiyo. Ila tabia ya kumpa jina muulizaji badala ya kumjibu haikukatazwa na sheria yoyote, na sote tuliona CUF ilivyokuwa ikiitwa chama cha Waislamu kila uchaguzi unapokaribia, na tuliona Mwembechai mwaka 1998, hapa hapa Magomeni.

Jina la Takadir lilirudi midomoni mwa vijana baada ya Mohamed Said kutoa kitabu chake cha maisha ya Abdulwahid Sykes mwaka 1998 kwa Kiingereza, na baadaye kwa Kiswahili. Kabla ya hapo lilikuwa jina la kunong'onezwa. Wengine wakamfanya shujaa asiye na doa, wengine wakaendelea kumwita mdini. Mimi simpi lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa mzee aliyeona mbali na akasema vibaya, na wenzake waliosikia vibaya walikuwa watu wema.

Limebaki jambo la lile Baraza la Wazee. Baada ya Takadir kuondolewa lilibaki chini ya Iddi Tulio, likaendelea kumzunguka Nyerere, likasherehekea uhuru pamoja naye. Mwaka 1963, uhuru ukiwa na umri wa mtoto anayeanza kutembea, Baraza nalo likavunjwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazee wanachanganya dini na siasa.